Moto wa Nyasi Kando ya Lukuga

Siku moja ya mwaka 1874, kando ya Ziwa Tanganyika, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye Verney Lovett Cameron alikaa akimtazama mwanamke mmoja akifinyanga chungu. Mama yule alitwanga udongo na maji kwa mchi kama ule wa kutwangia nafaka hadi donge likalainika lote sawasawa. Akaliweka juu ya jiwe bapa, akalipiga ngumi katikati likabonyea, kisha akaanza kuinua kuta kwa mikono iliyolowa maji. Alama za vidole alizifuta kwa gunzi la hindi. Mviringo akaunyoosha kwa kipande cha kibuyu, na mwisho akachora mapambo kwa kijiti chenye ncha. Cameron alipima muda: dakika 35 tangu udongo ulipoanza kutwangwa. Alipokwenda kukitazama kwa karibu akakuta chungu hakina kitako, kimesimama tu juu ya jiwe. Mama alikiacha kivulini saa nne au tano, kikashupaa kiasi cha kushikika, ndipo akakifanyia kitako, kazi ya dakika 10 hivi. Mgeni alivutiwa na umbo lile hata akalilinganisha na mitungi ya kale ya Pompeii.

Maelezo hayo nayathamini sana, maana ni nadra kwa msafiri wa wakati ule kukaa na kutazama kazi ya mwanamke hadi mwisho. Lakini jicho lake lilibaki kwenye mikono na umbo. Na chungu cha dakika 45 bado ni tope lililosimama: kinyeshewe usiku mmoja, asubuhi utakuta uji. Kinachokigeuza kuwa chungu ni moto, na moto huo ndio ninaotaka kuufuata hapa, kwa sababu umesafiri mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani, na mara nyingi umedharauliwa kwao.

Mwezi Mei mwaka huohuo Cameron alifika Lukuga, mto unaoyatoa maji ya Tanganyika na kuyapeleka magharibi. Lukuga hushuka kupita nchi ya Niemba, kisha unaingia mto Lualaba upande wa Kabalo. Niemba ni jina la mto na la mji vilevile, na katika bonde hilo wanakutana Baluba, Batabwa, Baholoholo na Batwa. Ni njia ya kale. Aliyetoka ziwani na chumvi au samaki wakavu alishuka nayo, na aliyetoka Lualaba alipanda nayo.

Ukifika Lualaba na kuupanda kuelekea kusini, ukapita Ankoro na Malemba-Nkulu, utafika Ziwa Kisale. Hapo, mahali paitwapo Sanga, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi mwaka 1957, na uchimbaji ukaendelea mwaka uliofuata. Mwaka 1974 Pierre de Maret alirudi bondeni humo akapanua kazi hadi maeneo ya jirani. Walichokikuta kimebadili kabisa tunavyoielewa historia ya Katanga, jimbo la kusini mashariki mwa Kongo. Marehemu walilazwa wakiwa na vito vya shaba, zana za chuma, pembe za ndovu, na kuzungukwa na vyungu. Vingine vina mikono na midomo ya kumiminia, vingine vimeinama ukingoni kuelekea ndani kwa ustadi ambao hata leo unamfanya mfinyanzi asimame atazame. Katika makaburi ya watoto viliwekwa vyungu vidogo. Vyombo hivi vinaitwa vya Kisale, na vile vya kipindi cha ustawi wake mkubwa ni vya karne ya 11 hadi ya 13 hivi, ingawa mwanzo wake ni wa kabla ya hapo.

Kati ya vyombo hivyo kuna kimoja ninachokipenda kuliko vyote: jiko dogo la udongo la kubebeka. Si chombo cha mfalme. Ni kitu ambacho mvuvi anaweza kukiweka ndani ya mtumbwi, akawasha makaa, akapika samaki wake katikati ya maji bila kuunguza mbao. Fikiria kinachotakiwa ili jiko hilo lifanye kazi. Udongo ule ulishachomwa mara moja kwa moto wa kuuivisha, na sasa kila siku unachomwa tena kwa upande wa ndani huku upande wa nje unapigwa na upepo wa ziwa. Udongo usiojua kuhimili mshtuko wa joto ungepasuka siku ya kwanza. Miaka 800 iliyopita, kwenye Lualaba, mtu alikuwa amelitatua tatizo hilo.

Alilitatuaje? Jibu liko katika mambo mawili, mchanganyiko na mwali.

Udongo wa mfinyanzi ukiwa safi mno ni laini mkononi lakini ni mkali motoni. Chembe zake zinashikana kwa nguvu hadi maji yaliyomo ndani yanakosa njia ya kutokea. Maji hayo yakigeuka mvuke, chungu hulipuka, na kila aliyewahi kuchoma vyungu anaujua mlio huo unaokata moyo. Kwa hiyo mfinyanzi huuvunja udongo kwa kuutia kitu kigumu: mchanga, au vigae vya vyungu vya zamani vilivyopondwa. Chembe hizo hufungua vinjia vya mvuke, na baadaye, chungu kikiwa jikoni, huzuia ufa mdogo usikimbie ukawa mkubwa. Tunasema mfinyanzi hulia gaeni, tukimaanisha kwamba vyombo vizuri ameviuza, yeye amebaki na kipande. Ni kweli, ila methali hiyo haisemi kwamba gae ni mali pia. Linapondwa likaingia katika udongo mpya, na siku ya kuchoma linawekwa juu ya lundo kama mfuniko wa kuzuia upepo na kutunza joto.

Siku ya kuchoma ni ya kiangazi, na saa yake ni ile ambayo upepo umetulia. Vyungu vimekauka kwa siku nyingi, lakini mkauko wa macho haumtoshi mfinyanzi. Kwanza huvipasha: nyasi chache huwashwa karibu au ndani yake, au huinamishwa juu ya makaa, hadi unyevu wa mwisho uondoke. Kisha hupangwa juu ya kuni na magome, midomo chini au ubavu, vikubwa na vidogo vikiegemeana, na kufunikwa kwa nyasi kavu. Moto ukishika hauna polepole. Katika muda mfupi joto hupanda kwa mamia ya nyuzi. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi za Selsiasi, udongo hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya maumbile yake, na hapo ndipo pasipo kurudi nyuma: baada ya hapo hauwezi tena kuwa tope. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga hutanuka ghafla, na kama mchanganyiko si mzuri chungu hupata ufa hapohapo. Lundo zima mara nyingi hufikia kati ya nyuzi 600 na 900, wakati mwingine kwa nusu saa tu, kisha nyasi zinakuwa majivu na kazi imekwisha.

Watu waliozoea tanuri la matofali huuona moto huu kama fujo. Mtafiti Mbelgiji Olivier Gosselain, ambaye alifanya kazi ya miaka mingi na wafinyanzi wa Kameruni na kwingineko, alionyesha mwaka 1992 kwamba joto katika moto wa wazi hutofautiana sana, hata ndani ya lundo moja, hata kwenye chungu kimoja upande huu na ule. Mtu anaweza kulisoma hilo kama kasoro. Mimi nalisoma kama kipimo cha ustadi. Mwenye tanuri hufunga mlango akasubiri. Mama mwenye nyasi hana mlango. Anazunguka lundo, anaongeza fungu upande ulioanza kufifia, anasogeza gae, anasoma rangi ya moshi: mweupe wakati unyevu unatoka, kisha unapotea kabisa wakati vyungu vinapoanza kuwaka vyenyewe kwa rangi ya machungwa. Elimu hiyo haina kitabu. Msichana huipata kwa mama, kwa shangazi au kwa mama mkwe, akianza na kubeba nyasi, akimaliza na kuaminiwa kuwasha moto peke yake. Gosselain huyohuyo aligundua jambo jingine linalonigusa: mapambo ya chungu hubadilika upesi mtindo mpya ukitokea sokoni, lakini namna ya kukiinua hubaki na mtu kwa sababu imeingia mwilini tangu utoto. Ndiyo maana mchoro mmoja unaweza kuenea nchi nzima huku mikono ikiendelea kueleza nani alifundishwa na nani.

Na kisha kuna lile la mwisho, la chungu kutolewa kikiwa bado chekundu. Katika Kongo ya chini, upande wa Atlantiki, wafinyanzi wanawake wamekuwa wakikiopoa chungu kwa kijiti kirefu na kukinyunyizia au kukichovya katika maji ya magome ya miti yaliyochemshwa. Maji yanalia, mvuke unapanda, na utomvu unaganda juu ya udongo ukiacha mabaka ya kahawia na meusi, kama ngozi ya mnyama. Mabaka hayo ni pambo, na pia ni dawa ya kupunguza uvujaji. Huko Buganda, wafinyanzi wa Kabaka walipaka vyungu madini ya grafaiti na kuvisugua hadi vikang'aa kama chuma cheusi. Kwa Wakisi wa Ikombe, kwenye Ziwa Nyasa, vyungu vinavyochomwa kwa moto wa wazi hupakiwa kwenye mitumbwi kwenda soko la Matema. Sehemu hizi hazikukopeshana ujuzi wote. Kila moja ilikaa na moto wake ikautafutia majibu.

Sasa tuondoke kidogo hadi Kyoto, Japani, miaka ya 1580. Fundi aitwaye Chōjirō, ambaye inasimuliwa kwamba alitoka katika kazi ya vigae vya paa, aliombwa na bwana wa chai Sen no Rikyū amtengenezee mabakuli ya kunywea. Rikyū hakutaka vyombo vya fahari kutoka China. Alitaka bakuli linalokaa viganjani, lililofinyangwa kwa mikono bila gurudumu, zito kidogo, lenye alama ya aliyelifanya. Chōjirō akayafinyanga, akayachoma moja moja katika tanuri dogo, na yale meusi akayatoa kwa koleo yakiwa bado yanawaka ili yapoe hewani kwa ghafla. Familia yake ikapewa jina la Raku, neno lenye maana ya raha na utulivu, na ukoo huo unaendelea na kazi Kyoto hadi leo. Ili bakuli lihimili kutolewa motoni hivyo, udongo wake sharti uwe na chembe ngumu ndani yake. Mafundi wa Kyoto na wanawake wa Lualaba hawakujuana, lakini udongo uliwauliza swali moja, nao wakalijibu kwa namna moja.

Raku ilibaki Japani kwa zaidi ya karne tatu. Kisha mwaka 1911, jijini Tokyo, kijana Mwingereza Bernard Leach alialikwa kwenye karamu ambapo kila mgeni alipewa chombo cha udongo akipake rangi, kisha kikachomwa palepale mbele yake kwa njia ya raku. Leach aliona chombo chake kikitoka kwenye tanuri kikiwa chekundu, kikapoa, na rangi zikajitokeza. Alikuwa mchoraji. Kuanzia siku hiyo akawa mfinyanzi. Mwaka 1920 alianzisha karakana St Ives, kusini magharibi mwa Uingereza, pamoja na Mjapani Hamada Shōji, na mwaka 1923 akampokea mwanafunzi aitwaye Michael Cardew.

Cardew ndiye aliyeuleta uzi huu Afrika. Alifika Achimota, Ghana ya leo, mwaka 1942, na mwaka 1951 akaanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja, Nigeria, mji ambao sasa unaitwa Suleja. Serikali ya kikoloni ilitaka vyombo vya kisasa: gurudumu, tanuri la kuni linalofikia nyuzi 1,300, na glezi, yaani ganda la kioo linaloyeyukia juu ya udongo. Mwaka 1954 akajiunga hapo Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari ambaye tayari alikuwa na jina kubwa kwa mitungi yake aliyoifinyanga kwa kukizunguka chungu, si chungu kumzunguka yeye. Kituoni mitungi yake iliendelea kufinyangwa kwa namna ileile, lakini ikapakwa glezi na kuingizwa kwenye tanuri kubwa. Ilipendeza mno, ikaonyeshwa London na kwingineko. Lakini mtungi uliozibwa kwa kioo hautoi jasho, na mtungi usiotoa jasho haupozi maji. Ile faida ambayo moto mdogo uliupa, moto mkubwa uliifuta. Sisemi hivyo kumlaumu Cardew, aliyeuheshimu ufinyanzi wa Kiafrika kuliko wenzake wengi. Nasema kwa sababu kosa hilo la kudhani kwamba joto kubwa zaidi ni maendeleo zaidi bado liko nasi katika warsha nyingi.

Wakati huohuo Marekani, raku ilipata sura nyingine. Mwaka 1960, Paul Soldner, mwalimu wa chuo cha Scripps huko California, alijaribu kuichoma akiwa na mwongozo mfupi tu wa kitabu cha Leach. Matokeo hayakumridhisha. Akakichukua chombo kilichokuwa kingali moto akakibiringisha katika majani yaliyoanguka kutoka kwenye mipilipili iliyokuwa karibu. Majani yakawaka, moshi ukaingia kwenye udongo, na palipokosa glezi pakawa peusi. Tangu hapo, watu wa Ulaya na Marekani wakisema raku mara nyingi wanamaanisha hiyo: chombo kinachotolewa kwenye karibu nyuzi 1,000, kikatumbukizwa katika maranda au majani makavu, kikafunikwa kikakosa hewa. Weusi ule ni kaboni iliyonaswa kwenye vitundu vya udongo. Ni weusi uleule ulio kwenye vyungu vya bibi zetu pale nyasi zilipozidi na hewa ikapungua.

Aliyeziunganisha nyuzi hizi zote ni binti wa Kenya. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, sehemu ya utoto wake akaishi Mombasa, akasomea sanaa ya michoro ya biashara Nairobi, kisha mwaka 1971 akaenda Uingereza. Huko akakutana na udongo, akakutana na Cardew, na kwa ushauri wake akasafiri hadi Abuja katikati ya miaka ya 1970. Fikiria mzunguko huo: karamu ya Tokyo, karakana ya St Ives, kituo cha Abuja, na mwisho wake Mkenya ameketi karibu na Ladi Kwali akijifunza kuinua udongo kwa mikono kama bibi yeyote wa Ziwa Tanganyika. Vyombo vya Odundo havina glezi. Huvipaka urojo wa udongo laini, akavisugua hadi vikang'aa, akavichoma mara ya kwanza kwa hewa ya kutosha vikawa vya rangi ya machungwa. Akitaka vyeusi, huvichoma mara ya pili vikiwa vimezingirwa na vitu vinavyotoa moshi, hewa ikiwa imebanwa. Anatumia tanuri la gesi, lakini lugha ya moto ni ileile ya nyasi na majani. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya Dame.

Turudi Lukuga. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo, iliyopita Niemba, ilifika ziwani kwenye mji ulioitwa Albertville, Kalemie ya leo. Bonde hilo lina makaa ya mawe pia, yaliyochimbwa na kampuni za kikoloni, ila moto wa vyungu haukuyahitaji. Kilichouathiri ni mizigo ya garimoshi: sufuria za alumini, mabeseni ya bati lenye rangi, baadaye plastiki. Sufuria haivunjiki, inachemsha upesi, na mwanamke anayetoka shambani jioni ana haki ya kuipenda. Palipobaki chungu ni kwenye maharagwe, kwenye pombe, kwenye dawa na kwenye maji ya kunywa, kazi ambazo sufuria haizifanyi vizuri.

Kisha zikaja vita. Jina la Niemba lilizunguka dunia tarehe 8 Novemba 1960, wakati askari 9 wa Ireland waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa walipouawa katika shambulio la wapiganaji wa Kiluba, wakati wa vurugu za kujitenga kwa Katanga, vijiji vya Baluba vikiwa vimeshavamiwa na majeshi ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Nchini Ireland jina hilo bado linakumbukwa kwa majonzi. Vita vya mwaka 1964, vya 1996 na vya 1998 vilipita katika jimbo hilohilo, na kuanzia 2013 mapigano kati ya Baluba na Batwa katika Nyunzu, Manono na Kalemie yaliwaondoa watu wengi sana makwao. Ufinyanzi huumia kwa kuhamishwa kuliko kazi nyingine. Mshonaji anaweza kubeba sindano. Mfinyanzi hawezi kubeba shimo la udongo alilolijua tangu utoto, na udongo wa kambini una tabia zake ambazo lazima uzijue upya kwa kupoteza vyungu.

Anayetaka kujifunza leo, awe Niemba au Kalemie, asianze kwa kuulizia bei ya tanuri la gesi. Amtafute mama mzee anayejua shimo zuri liko wapi. Aoneshwe udongo unaoshikana ukiviringishwa kama mkia wa panya bila kupasuka, aupige na mchanga au gae lililotwangwa, afinyange vibakuli vidogo vya ukubwa wa kiganja, avianike kivulini mpaka viwe vyepesi na visiwe baridi akivigusisha shavuni. Angoje siku tulivu ya kiangazi. Avipashe bila haraka, kisha awashe nyasi bila woga. Viwili au vitatu avitoe kwa kijiti vikiwa vyekundu na kuvifukia katika majani makavu chini ya beseni la bati, aone moshi unavyofanya. Vingine aviache vipoe katika majivu. Asubuhi akiokote kimoja kimoja na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti safi, kimeiva. Kikitoa sauti ya kitu kilichopasuka, akirudishe kwenye kinu, kitwangwe, kiingie katika udongo wa chungu kinachofuata.